Sun City, Arizona: mji wa wastaafu unaostahili kukaguliwa wakati wa joto

Maoni mengi yanayosomwa kuhusu Sun City yameandikwa na watu waliofika Januari au Februari, wakati ambapo joto la mchana ni nyuzi 20 hivi za sentigredi, michungwa imejaa matunda na kila ukumbi una shughuli. Maoni hayo si ya uongo, lakini yanaeleza nusu ya mwaka tu. Mimi nahudumia wazee majumbani mwao katika mji huu na katika vitongoji jirani vya magharibi mwa Phoenix, na nimewaona wakazi wake katika majira yote. Wasemaji wenzangu wa Kiswahili kutoka Kenya, Tanzania na Kongo, ambao ama wanafanya kazi kama yangu ama wana wazazi wanaozeekea Marekani, huniuliza mara kwa mara kama mahali hapa panafaa. Naona panafaa, na kwa baadhi ya watu panafaa kuliko sehemu nyingine yoyote ninayoifahamu, ila simshauri mtu yeyote atie saini ya kununua nyumba kabla hajakaa hapa walau juma moja la mwezi wa Julai.

Kwanza iondolewe dhana moja. Sun City si makao ya wazee kwa maana tuliyoizoea, yaani nyumba yenye wauguzi, jiko la pamoja na kengele kando ya kitanda. Ni mji wa nyumba za watu binafsi, ambamo kila mkazi hununua au hupanga nyumba yake, hujipikia na hujitafutia daktari. Kinachoutofautisha na miji mingine ni umri: katika nyumba sharti awepo walau mtu mmoja aliyetimiza miaka 55, na vijana wa miaka 18 kushuka chini hawaruhusiwi kuishi humo moja kwa moja, ingawa kuzuru wanaruhusiwa. Sheria za Marekani zinazokataza ubaguzi katika makazi zinaruhusu miji ya namna hii, na sheria ya mwaka 1995 inataka walau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa ziwe na mtu wa umri huo. Uuguzi na msaada wa nyumbani ni mambo ya kulipia mbali, na Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, hailipii msaada wa muda mrefu wa kumwogesha mtu, kumvisha na kumlisha. Familia nyingi hulijua jambo hili zikiwa zimekwisha kuchelewa, ndiyo maana nimelitanguliza.

Mji huu ulifunguliwa tarehe 1 Januari 1960 na mjenzi Del Webb, juu ya ardhi iliyokuwa mashamba ya pamba. Wakati huo wengi hawakuamini kwamba mzee angekubali kuhama mbali na wanawe ili akaishi jangwani na wazee wenzake, lakini katika siku tatu za mwanzo walifika watu wapatao laki moja kuzitazama nyumba za mfano. Leo wakazi ni takribani 40,000. Barabara nyingi zimechorwa duara ndani ya duara, jambo ambalo humpoteza kila mgeni na hata madereva wa magari ya wagonjwa wasio wenyeji. Nyumba karibu zote hazina ghorofa, vizingiti ni vya chini, na nyua zimetandazwa changarawe, nyingine ikiwa imepakwa rangi ya kijani ili ifanane na majani. Mtu mwenye magoti mabovu ataithamini ramani ya nyumba hizi siku ya kwanza, kwa kuwa hakuna ngazi ya kupanda wala bustani ya kumwagilia.

Hakuna meya wala baraza la mji, kwa hiyo hakuna kodi ya mji. Barabara ziko chini ya Kaunti ya Maricopa na ulinzi uko chini ya sherifu wake, yaani mkuu wa polisi wa kaunti. Kila nyumba hulipa ada ya mwaka, ambayo ni dola mia kadhaa, kwa shirika linaloendesha vituo vya burudani, na mnunuzi mpya hulipa ada nyingine kubwa zaidi mara moja tu. Viwango hubadilika, basi mnunuzi aviulize kwa maandishi. Kwa ada hiyo mkazi hupata mabwawa ya kuogelea, vyumba vya mazoezi na vilabu zaidi ya 100. Karakana za useremala, za kufua chuma, za ufinyanzi na za kusugua vito zina vifaa ambavyo fundi wa kawaida hawezi kujinunulia, na kila karakana ina msimamizi wa zamu ambaye naye ni mkazi. Nimewaona wanaume waliokuwa wakiketi kimya mbele ya televisheni tangu kufiwa na wake zao wakirudi kuwa watu baada ya kupewa kazi ya kupiga randa kiti cha mwenzao. Kama ningetakiwa kutaja huduma moja tu inayostahili bei yake, ningetaja hizo karakana.

Baada yake ningetaja kazi za kujitolea, kwa maana bila hizo Sun City ingekuwa mtaa wa kawaida wenye watu wa umri mmoja. Kikosi cha hiari kiitwacho Posse, kilicho chini ya ofisi ya sherifu, hupita mitaani kwa magari, huelekeza magari panapotokea ajali, na hukagua nyumba za watu waliosafiri. Kikundi kingine, Prides, hufagia kando ya barabara na kupogoa miti. Wote hao ni wastaafu, na baadhi yao wamepita miaka 80. Mtu anayehamia hapa akidhani kwamba atahudumiwa tu hatapapenda; aliyezoea kuitwa kwenye kamati ya harusi au ya msiba atajikuta nyumbani ndani ya wiki chache.

Mwaka wa Sun City huanza Oktoba, bila kujali kalenda inasema nini. Hapo ndipo nyasi za viwanja vya gofu hukatwa hadi chini na mbegu za nyasi za baridi hupandwa juu yake, ili viwanja viwe kijani wakati wenzao wa kaskazini wanafunikwa na theluji. Kuanzia mwezi huo hadi Desemba hurudi wakazi wa msimu, ambao Wamarekani huwafananisha na ndege wahamao. Wanatoka Minnesota, Iowa, Illinois na majimbo ya magharibi mwa Kanada. Mitaa iliyokuwa kimya hujaa vigari vya gofu, ambavyo hapa huenda dukani na kanisani sawa na gari lolote, na nafasi ya kuegesha mbele ya kituo cha burudani huwa ya kugombea. Foleni ya kumwona daktari nayo hurefuka, na mwenye ugonjwa wa kudumu ajitahidi kupanga miadi yake kabla ya Novemba.

Majira ya baridi ndiyo sifa kuu ya mji huu na sina haja ya kuyapamba. Usiku kuna baridi ya kuvaa sweta, mara chache sana barafu nyembamba hugusa majani, na asubuhi jua hutoka. Machungwa, chenza, malimau na mabalungi hukomaa kuanzia Desemba, na kwa kuwa nyumba nyingi zina mti wa mchungwa au mbalungi ambao mwenye nyumba hawezi kumaliza matunda yake, mifuko ya mabalungi huwekwa mbele ya nyumba ili mpita njia ajichukulie. Kwa mtu aliyelelewa Tanga au Mombasa, ambako mwenye mwembe humpa jirani embe bila kuombwa, desturi hii haina ugeni wowote. Mwanzoni mwa Machi maua ya michungwa huchanua, na harufu yake huingia hadi ndani ya magari. Ndiyo miezi ambayo timu za besiboli hufanya mazoezi katika viwanja vya jirani, Peoria na Surprise, na wastaafu wengi hujitolea huko kuwaonyesha watazamaji viti vyao.

Kisha Aprili hufika na watu huanza kuondoka. Mti wa palo verde hugeuka wote manjano, kware hutokea barabarani na vifaranga vyao vimefuatana kwa mstari, na magari yenye namba za Minnesota hupakiwa mizigo. Wakanada huondoka mapema zaidi, kwa sababu akikaa Marekani zaidi ya nusu mwaka mtu huweza kujiingiza katika mambo ya kodi na kuhatarisha haki yake ya matibabu nyumbani kwao. Katika muda wa wiki chache darasa la kucheza dansi lililokuwa na watu sitini hubaki na kumi. Vilabu vingine hupumzika kabisa hadi vuli. Hakuna anayetangaza jambo hili kwenye vipeperushi vya kuuzia nyumba, na kwa maoni yangu ndilo linalopaswa kutangazwa kwanza, maana mtu aliyenunua nyumba Februari kwa sababu ya marafiki aliowapata mezani hugundua mwezi Mei kwamba nusu ya marafiki hao wana nyumba nyingine ya kwenda.

Sasa tuje kwenye kiangazi. Joto la kawaida la mchana katika Julai hupita nyuzi 41. Mwaka 2023 Phoenix ilipata siku 31 mfululizo ambazo kila moja ilifika nyuzi 43 au zaidi, na kwa siku 16 mfululizo usiku haukushuka chini ya nyuzi 32. Sisi wa pwani tunapenda kusema kwamba tumezaliwa na joto, lakini joto la kaskazi pale Lamu au Unguja lina unyevu, lina upepo wa bahari, na mwili hutoa jasho unaloliona. Joto la Arizona ni kavu, jasho hukauka kabla halijaonekana, na mzee huishiwa maji bila kuhisi kiu. Hatari huongezeka kwa anayetumia dawa za shinikizo la damu, hasa zile za kupunguza maji mwilini. Lami huunguza ngozi ya mtu aliyeanguka akasubiri msaada kwa dakika chache tu. Maji ya bomba la baridi hutoka ya moto. Dawa zilizotumwa kwa posta hupikwa ndani ya sanduku la barua zisipochukuliwa mapema, na hili nalisisitiza kwa yeyote anayemwangalia mzee mwenye kisukari.

Maisha hayasimami, bali huhamia alfajiri. Saa kumi na moja, kabla jua halijatoka, watu wako viwanjani na mabwawani, wanatembea na mbwa wao, wanamaliza kazi za uani. Saa tatu asubuhi mitaa imekuwa tupu. Wanaobaki hujuana kwa kina zaidi kuliko watu wa msimu. Nimeona mitaa ambayo wakazi wake wamekubaliana kwamba pazia la jikoni lisipofunguliwa hadi saa mbili, jirani apige simu, na asipojibiwa aende kugonga mlango. Hakuna shirika lililowaagiza. Nimeona pia mitaa ambayo kila nyumba mbili za jirani zimefungwa kwa msimu, na mjane wa miaka 88 yuko katikati yake bila mtu wa kumgongea. Nyumba hizo zinafanana, bei zake zinakaribiana, na wakala wa nyumba hatakueleza tofauti yake kwa sababu Februari tofauti hiyo haionekani.

Uhai wa mtu wakati huo unategemea kiyoyozi. Kaunti ya Maricopa iliandikisha vifo 645 vilivyohusiana na joto mwaka 2023. Wengi walifia nje, na miongoni mwa waliofia ndani ya nyumba, wengi walikuwa na kiyoyozi ambacho hakikuwa kikifanya kazi. Septemba 2018, katika mji jirani wa Sun City West, mama mmoja mzee alifariki baada ya kukatiwa umeme kwa sababu ya deni dogo, na kilio kilichofuata kiliifanya tume ya jimbo inayosimamia huduma hizo kuzuia, kuanzia mwaka 2019, ukataji wa umeme wa majumbani katika miezi ya joto kwa sababu ya madeni. Ulinzi huo ni mzuri, lakini hautengenezi mashine iliyoharibika. Mzee mmoja ninayemhudumia aliambiwa na kampuni moja ya viyoyozi kwamba mashine yake imekufa na sharti anunue mpya kwa maelfu ya dola siku hiyohiyo. Fundi wa pili, aliyeletwa na mkazi mwenzake wa klabu ya useremala, alibadilisha kipuri kimoja kidogo na mashine ikafanya kazi kiangazi kizima. Mafundi waaminifu wapo wengi, na jina lao hupatikana kwa wakazi, si kwenye matangazo.

Mvua za kiangazi zina utaratibu wake. Msimu wake rasmi ni kuanzia Juni 15 hadi Septemba 30, na kwa kawaida hutanguliwa na tufani la vumbi linalosimama kama ukuta angani kisha huufunika mji mzima kwa dakika kadhaa. Mvua ya mwaka mzima hapa haifiki milimita 200, kiasi ambacho Mombasa huweza kukipata katika mwezi mmoja wa masika, lakini inapokuja huja kwa fujo: hujaza mabonde makavu, huangusha miti na huangusha nguzo za umeme. Mwenye mashine ya oksijeni nyumbani awe na mtungi wa akiba na awe amejiandikisha kwa kampuni ya umeme kama mgonjwa anayetegemea kifaa. Vumbi lenyewe hubeba vimelea vya kuvu vinavyosababisha homa ya mapafu iitwayo Valley fever, ambayo wageni huidhania mafua yasiyopona. Kikohozi kikizidi wiki mbili baada ya kuhamia, mwombe daktari akupime ugonjwa huo.

Hospitali si tatizo. Boswell, iliyofunguliwa mwaka 1970, iko ndani ya mji wenyewe, na madaktari wa moyo, macho na mifupa wamejaa kando yake. Usafiri ndio tatizo. Mabasi ni haba, na siku mzee anaponyang'anywa leseni ya gari, kigari cha gofu humtosha majira ya baridi lakini Julai hakimfikishi popote kwa usalama. Familia ipange mapema nani atamwendesha.

Jambo ambalo bado linaniuma kuhusu mji huu ni historia yake na shule. Wakazi wa miaka ya 1960 na ya mwanzo ya 1970 walipiga kura mara nyingi kukataa dhamana za kujengea shule za Peoria, yaani mikopo ya umma inayolipwa kwa kodi za wenye nyumba, hadi mwaka 1974 mji ukatolewa katika wilaya hiyo ya shule. Naelewa hoja ya mtu mwenye kipato kisichoongezeka. Hata hivyo, katika malezi yangu mzee ndiye wa kwanza kuchangia ada ya mtoto wa jirani, na sheria inayomzuia mjukuu asikae na nyanya yake ina gharama ambayo haionekani kwenye hesabu ya nyumba. Nimeshuhudia familia ikilazimika kuuza nyumba kwa sababu bibi alihitaji kumlea mjukuu aliyefiwa na mama yake. Anayejua kwamba mlango wake utafunguliwa kwa watoto wa ukoo wakati wowote asije Sun City. Atafute mtaa wa kawaida huko Glendale au Peoria, ambako atapata pia wasemaji wenzake wa Kiswahili, na misikiti na makanisa yenye vijana.

Kwa wengine, na hasa wanandoa au mtu peke yake mwenye nguvu za kutosha ambaye watoto wake wamekwisha kujitegemea, napapendekeza kwa moyo wote. Njoo Julai. Panga nyumba kwa juma moja, uamke saa kumi na moja alfajiri uende kwenye bwawa la kuogelea, uwaulize watu utakaowakuta humo wanaishi mtaa gani. Nunua katika mtaa huo. Kabla ya kulipa, hesabu nyumba zilizo na watu ndani upande wa kulia, wa kushoto na mbele yako, kisha mwambie muuzaji akuonyeshe karatasi za umri na matengenezo ya kiyoyozi. Mashine iliyopita miaka 12 iingizwe katika mazungumzo ya bei, na muuzaji akikataa kuzungumzia jambo hilo, nyumba nyingine zipo.